Kichwa cha Kapteni, Koti la Admirali

Ile sahani ya chaza iliyomponyoka Bi. Tamsin Gedge mwishoni mwa sehemu ya Jumamosi iliyopita sasa imefika sakafuni. Imevunjika vipande saba, na chaza mmoja ameteleza hadi chini ya kabati. Wewe uliyewaambia watu wiki nzima kwamba bibi ataidaka, pole sana.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Fundi Ambrose Tuckett, mchoraji wa mabwana wakubwa hapa Portsmouth, alipolivuta lile gunia kutoka kwenye picha, Bi. Tamsin aliona nini?

Alimwona mumewe, Kapteni Ptolemy Gedge. Pua ndefu ilikuwa yake. Kidevu kilikuwa chake. Macho yalikuwa yake pia, yale yanayotazama mbali hata anapotafuta chumvi mezani. Mpaka shingoni alikuwa Kapteni Gedge hasa. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine alikuwa na kitambi. Kitambi chenyewe kilivaa koti la buluu lililotapakaa nyuzi za dhahabu kifuani, mikononi na mifukoni, koti ambalo katika Portsmouth nzima huvaliwa na mtu mmoja tu: Admirali Sir Peregrine Hoskyns, mkuu wa bandari. Nyuma ya kitambi, manowari kumi na mbili za Wafaransa zilikuwa zinateketea kwa moto.

"Fundi," alisema Bi. Tamsin polepole, "mume wangu ni mwembamba kama mpini wa fagio."

"Ndiyo, Bibi."

"Na maisha yake yote ameteka chombo kimoja tu cha Wafaransa. Kilikuwa kimepakia jibini."

"Najua, Bibi. Nilimwandikia yule fundi wa London achore na jibini."

"Basi liko wapi jibini langu?"

Tuckett alitazama chaza sakafuni kana kwamba mmoja wao angemjibia.

Kila mtu hapa bandarini anajua kazi hii inavyokwenda. Tuckett huchora uso, basi. Kiwiliwili hapana. Nyuso zake hupelekwa London zikiwa zinaelea juu ya turubai tupu, kwa fundi ambaye hajachora pua tangu azaliwe. Huyo yeye ni makoti, vifungo, mikono na moshi wa mizinga. Mwenye picha hutoa koti lake, likakunjwa kwenye sanduku, fundi wa London akalivisha sanamu la mbao na kulichora kwa raha zake. Jina la mwenyewe hubandikwa nyuma ya turubai kwa pini moja.

Pini moja, jamani. Barabara ya London ina mashimo kiasi gani?

"Mkokoteni ulibeba picha ngapi?" aliuliza Bi. Tamsin.

"Mbili."

"Ya pili ya nani?"

"Bibi, kwanza keti."

"Fundi, ya nani?"

"Ya Sir Peregrine," alisema Tuckett, na yeye ndiye aliyeketi.

Moyo wa Bi. Tamsin ulishuka mpaka kwenye viatu, ukabaki huko. Maana Sir Peregrine huyo huyo alikuwa anakuja kula bata bukini mezani kwake saa tisa alasiri ya siku ile ile, na sasa ilikuwa inakaribia saa saba na nusu. Alikuwa anakuja kuiangalia picha. Akiondoka, alitarajiwa aache nyuma yake jambo moja: meli.

Tangu amani ishike na Wafaransa, Kapteni Gedge alikuwa amekaa nchi kavu miaka saba. Makapteni wasio na meli walijaa Portsmouth kama nzi kwenye bucha, na meli iliyokuwa inatafuta kapteni ilikuwa moja tu, Persis, yenye mizinga thelathini na miwili. Maji na unga vilikuwa vimeshapakiwa. Ingeng'oa nanga siku hiyo hiyo maji yakianza kupwa, ikiwa na kapteni yeyote ambaye Sir Peregrine angempenda wakati wa chakula.

Usidhani mwenye kuitaka hiyo Persis ni Kapteni. Aliyekuwa anaiombea kila asubuhi na kila jioni, kwa magoti, ni mkewe.

Ukweli ni kwamba Bi. Tamsin alimpenda sana mumewe alipokuwa mbali. Miaka mitano ya kwanza ya ndoa yao aliishi kwa barua. Kapteni alijua kuandika! Alimwandikia kuhusu samaki wanaoruka, kuhusu mwezi, kuhusu jinsi anavyolikumbuka paji la uso wake. Barua zote mia moja na kumi na nne bado zilikuwa ndani ya kikapu chake cha kushonea, na nyingine alikuwa anazijua kwa moyo.

Kisha amani ikaja, na mwandishi wa barua akarudi nyumbani na kengele.

Kengele hiyo aliigonga kila nusu saa, mchana na usiku. Jiko aliliita sitaha ya chini. Bustani aliisimamishia mlingoti, na alipotaka chai alipandisha bendera mbili za buluu na nyekundu mpaka mtu azione. Kila Jumapili alipima kwa vyombo vyake mahali hasa nyumba ilipo duniani, akaandika kwenye daftari kwamba haijasogea. Mwaka juzi mpishi wao, Hepzibah, alikohoa mara mbili. Kapteni akatundika bendera ya manjano mlangoni mwa jiko, na kwa siku kumi nyumba nzima ikala biskuti. Sheria ni sheria. Penye bendera ya manjano pana karantini: haingii mtu, hatoki mtu, mpaka mkuu wa bandari aishushe kwa mkono wake. Sir Peregrine alilazimika kuja mwenyewe kumfungulia Hepzibah.

Miaka saba ya namna hiyo! Kasha la safari la Kapteni lilikuwa limesimama ukumbini karibu na mlango tangu mwezi wa kwanza wa kurudi kwake, limepangwa mashati, soksi na chupa ya dawa ya tumbo. Bi. Tamsin alilipanga kwa mkono wake, na kila Jumatatu alilipangusa vumbi.

"Na picha ya Sir Peregrine?" aliuliza sasa. "Iko wapi?"

"Nimeipitisha kwake asubuhi."

"Ameshaiona?"

"Nilimwacha anafungua kamba."

"Na wewe hukuifungua kwanza uangalie?"

"Bibi, yule mtu wa London anavyofunga vizuri, ni dhambi kuharibu."

Bi. Tamsin alifumba macho. Akaiona ile picha nyingine kana kwamba iko mbele yake: kichwa kikubwa chekundu cha Sir Peregrine juu ya kiwiliwili cha mpini wa fagio, koti la kapteni wa kawaida lisilo na dhahabu ya kutosha hata kupambia kikombe, na mkono umenyooshwa kwa fahari kuelekea mtumbwi wa jibini.

"Umemshusha cheo Admirali wa Mfalme," alisema.

"Ni pini, Bibi!"

"Nyamaza. Hii yetu hatutamwonyesha hivi. Ipake rangi."

"Rangi ya mafuta hukauka kwa wiki tatu."

"Hepzibah!" aliita Bi. Tamsin. "Lete buluu ya kufulia na mayai sita!"

Hepzibah alitokea na bakuli kabla jina lake halijaisha kutajwa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukandia unga, na alikuwa anaiombea ile Persis kwa bidii kuliko bibi yake. Akaitazama picha, akaangua kicheko.

"Ehee! Bwana kanenepa!"

"Koroga, Hepzibah."

"Nakoroga, Bibi. Lakini kitambi hiki hakifutiki kwa mayai sita."

Tuckett aliishika brashi kama mtu anayeshika nyoka. Akaanza na mkono wa kushoto. Dhahabu ikazama, buluu ikashika, na kwa muda wa pumzi kumi Bi. Tamsin alianza kuamini kwamba Mungu anasikia sala za wake wa mabaharia.

Kengele ikalia mara tatu. Saa saba na nusu. Viatu vikashuka ngazi.

"Sitaha ya chini!" ilinguruma sauti. "Nani kavunja chombo?"

Kapteni Ptolemy Gedge alisimama mlangoni, wigi kichwani, daftari kwapani. Alimwona Tuckett, akaona brashi. Kisha akaiona picha.

Alinyamaza. Mtu huyu alikuwa hajanyamaza tangu arudi nchi kavu mwaka wa sitini na tatu.

"Mume wangu," Bi. Tamsin aliwahi, "pametokea kosa dogo..."

"Kosa?" Kapteni aliisogelea picha kwa hatua fupi fupi. "Tamsin, hii ni habari!"

"Habari gani?"

"Picha ya ofisa mwenzangu Osgood ilirudi kwa fundi mara tatu. Kila anapopanda cheo, wanampaka koti upya. Ya Merriweather mara mbili. Koti la pichani halitangulii cheo hata siku moja! Huyu fundi wa London anawavisha maofisa wote wa Mfalme. Atakosaje kujua? Kajua kabla ya barua kufika!" Akageuka, macho yamejaa machozi. "Tamsin, wamenifanya Admirali."

"Na kitambi, Bwana?" aliuliza Hepzibah.

"Kitambi kitakuja."

Tuckett alifungua mdomo aseme ukweli. Bi. Tamsin alimkanyaga mguu. Hapo alifanya kosa, na yeye mwenyewe alikiri baadaye. Lakini wewe ungeweza kumpokonya mtu furaha yake usoni namna ile? Nafasi ikapita. Kapteni alikuwa ameshaliona lile sanduku la koti lililorudi pamoja na picha. Alikifungua kifuniko, akachomoa koti. Koti lenyewe halisi la Sir Peregrine, linameta mpaka dari likang'aa.

"Na wameniletea kabisa!"

Akalivaa. Lilimzunguka kama hema, mikono ikameza vidole. Kapteni alijitazama kwenye kioo, akajipigia saluti, akajiitikia.

"Nani kaupaka mkono wangu wa kushoto?" aliuliza ghafla.

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Tuckett.

"Ufute. Ni uhaini."

Hapo mlango wa mbele ukagongwa. Haukugongwa kistaarabu. Ulipigwa ngumi tatu nzito, za mtu ambaye hajazoea kungoja.

Hepzibah alichungulia dirishani, akarudi amepauka.

"Bibi, ni Sir Peregrine. Kaja mapema kwa zaidi ya saa nzima, na kaja na picha yake. Mabaharia wawili wameibeba."

"Mfungulie!" alisema Kapteni. "Amekuja kunipongeza."

Bi. Tamsin akaona mambo yote yanavyokwenda kuharibika. Sir Peregrine aliyeshushwa cheo kwa brashi angeingia na kumkuta kapteni asiye na meli amevaa koti lake. Basi Persis ingekwenda kwa mwingine, na kengele ingelia humu mpaka kaburini.

"Vua hilo koti, Ptolemy."

"Ofisa havui koti mbele ya hatari."

"Nakuomba."

"Hapana."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Lakini mwanamke aliyeishi miaka saba chini ya bendera hakosi kujifunza bendera. Bi. Tamsin alifungua droo ya meza, akachomoa kitambaa cha manjano. Akamsukuma mumewe ndani ya chumba cha kusomea, akafunga mlango, akatundika manjano kwenye kitasa. Kisha akakohoa mara mbili.

Sauti ya Kapteni ikasikika toka ndani, tulivu, ya kikazi.

"Karantini?"

"Karantini, mume wangu."

"Nimeelewa. Sitoki."

Hakutoka kweli. Unaweza kumsema Kapteni Gedge kwa mengi, lakini sheria ya bandari hakuwahi kuivunja.

Sir Peregrine aliingia kama tufani. Tuckett alikuwa chini ya meza kabla kofia ya mgeni haijapita mlangoni. Bi. Tamsin akamtazama vizuri yule Admirali. Sir Peregrine alikuwa amevaa koti la Kapteni Gedge! Alilikuta kwenye sanduku lake, akaingiza mikono kwa nguvu zake zote. Mshono wa mgongo ulikuwa umepasuka toka shingoni hadi kiunoni, na vifungo vilivyobaki vilikuwa viwili, vinahesabu siku zao.

"Wekeni hapo," aliwaambia mabaharia. Wakaiegemeza picha kwenye kiti, wakatoka kungoja nje.

Ilikuwa kama Bi. Tamsin alivyoiona akiwa amefumba macho. Kichwa kikubwa chekundu, kiwiliwili cha fagio, jibini.

"Bi. Gedge," alisema Sir Peregrine, na sauti ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha zaidi. "Nani amefanya hivi?"

"Mheshimiwa, ni pini..."

"Nauliza nani!"

Meza ikatetemeka. Kutoka chini yake mkono mmoja ulijitokeza, umepakaa buluu ya kufulia, ukanyooka juu kama wa mwanafunzi.

"Toka," alisema Sir Peregrine.

Tuckett alitoka kwa magoti. Sir Peregrine alimwinua kwa kola mpaka viatu vikaacha sakafu. Bi. Tamsin alifumba macho kwa mara ya pili siku ile. Akasikia sauti ya ajabu, nzito, ya kukwama. Alipofumbua, Admirali wa Mfalme alikuwa amemkumbatia mchoraji na kulia begani mwake.

"Kiuno," alisema Sir Peregrine. "Umenipa kiuno!"

"Mimi?" alisema Tuckett.

"Miaka thelathini sijakiona. Hebu kitazame!" Alimwachia, akaielekea picha kwa mikono iliyonyooshwa, na kifungo kimoja kikaruka hadi jikoni kikampiga bata bukini. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nilipokuwa kapteni. Koti moja jepesi, meli moja, na adui wa kiasi. Mnajua mimi nafanya nini siku hizi? Natia sahihi! Biskuti, sahihi. Kamba, sahihi. Panya wamekula biskuti, sahihi. Miaka kumi na mmoja sijapigwa na wimbi hata moja. Leo asubuhi nimeisimamia picha hii saa nzima, nikajiuliza, Peregrine, ulifurahi mara ya mwisho lini?"

"Lini, Mheshimiwa?" aliuliza Hepzibah, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Kwenye mtumbwi kama ule pale." Akalinyooshea kidole lile jibini. "Basi nimeshaamua. Persis naichukua mwenyewe. Natoka na maji ya leo."

Hepzibah alitoa sauti kama ya chungu kinachopasuka. Bi. Tamsin alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa mahakama ya kijeshi. Kwa furaha hakujiandaa.

"Na mume wangu, Mheshimiwa?" aliuliza. "Yeye atapata nini?"

Sir Peregrine alikuwa ameshaifikia ile picha ya pili. Akaitazama pua ndefu, akatazama dhahabu yake mwenyewe chini ya pua hiyo, manowari zake kumi na mbili, na mkono mmoja uliopakwa buluu mbichi.

"Yuko wapi huyu?"

"Karantini," alisema Hepzibah, akaonyesha mlango.

Sir Peregrine alikwenda, akaishusha ile bendera ya manjano kwa mkono wake, kama sheria inavyotaka, akafungua.

Kapteni Gedge alisimama katikati ya chumba, amenyooka, mkono kwenye wigi, amezama ndani ya koti la mwenzake mpaka masikioni. Wanaume wawili wakatazamana, kila mmoja ndani ya nguo za mwingine. Bi. Tamsin alisikia mafuta ya bata yakidondoka jikoni.

Sir Peregrine alimzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili.

"Linakupwaya," alisema.

"Litajaa, Mheshimiwa," alijibu Kapteni.

"Unapenda kutia sahihi?"

"Nina daftari la miaka saba kuhusu mahali ilipo nyumba hii."

"Imesogea?"

"Hata kidogo."

"Wewe ndiye mtu wangu!" Sir Peregrine alimpiga bega, vumbi la wigi likatimka. "Utakalia kiti changu. Nitawaandikia London, na London hawajawahi kujibu barua kabla ya mwaka kuisha. Kuanzia sasa wewe ni mkuu wa bandari. Shika na hii, ni ya kazi yako." Akamtia ile bendera ya manjano mkononi. "Ofisi yangu inavuja, kwa hiyo makarani nitakuletea hapa. Wako arobaini. Una kengele?"

"Ninayo."

"Nitakuongezea kubwa zaidi."

Aliyewahi kuona mtu akihukumiwa kifungo cha maisha anaujua uso wa Bi. Tamsin wakati ule. Sala zote zile, na jibu ndilo hili! Mumewe hakwenda popote. Mumewe angekaa humu humu, na makarani arobaini, na kengele ya pili. Aliangalia ukumbini. Lile kasha lilikuwa pale pale karibu na mlango, limefungwa, limepangusika.

Alikwenda akaketi juu yake.

"Sir Peregrine," alisema, "kwenye Persis mna nafasi ya mtu mmoja?"

"Mtu gani?"

"Mimi. Najua bendera zote. Najua kugonga kengele. Nimekuwa baharini miaka saba bila kutoka mlango huu."

"Tamsin!" alisema Kapteni.

Bi. Tamsin alimgeukia, na sauti haikuwa ya ugomvi hata kidogo. Ilikuwa na huzuni tupu.

"Ptolemy, mimi niliolewa na mtu aliyekuwa ananiandikia barua. Alinipenda yule. Tangu uliporudi nyumbani sijamwona tena. Nimeona mabendera. Nikiwa mimi baharini na wewe nchi kavu, labda ataniandikia."

Sir Peregrine alikohoa kwa aibu. Tuckett alifuta macho kwa mkono wa buluu, akawa buluu uso mzima. "Nafasi ipo," alisema Sir Peregrine. "Mashua inaningoja ngazini. Tuna robo saa."

Kapteni Gedge alivuka ukumbi, koti linaburuta. Akampita mkewe, akaufikia mlango wa mbele, akaufunga. Kisha akaitundika ile bendera ya manjano kwenye kitasa.

"Gedge!" alisema Sir Peregrine. "Unafanya nini?"

Kapteni alikohoa mara mbili.

"Karantini, Sir Peregrine. Siku arobaini. Haingii mtu, hatoki mtu, mpaka mkuu wa bandari aishushe kwa mkono wake."

"Mkuu wa bandari ni mimi!"

"Ulikuwa wewe."

Sir Peregrine aliunyoosha mkono kuelekea bendera, ukafika nusu ya njia, ukakataa. Miaka arobaini ya utumishi iliushika kifundo. Kifungo cha mwisho kikaruka.

Kapteni alimgeukia mkewe. Wigi alikuwa amelivua, amelishika kifuani juu ya dhahabu ya mtu.

"Kwenye barua nilikuwa nakwambia maneno kwa sababu hukuwepo," alisema. "Nyumbani nimekosa pa kuanzia. Ile kengele, Tamsin, nilikuwa naigonga ili ujue bado nipo. Nipe hizi siku arobaini. Nikishindwa, nitakushushia bendera mwenyewe, na nitakubebea kasha mpaka mashuani."

Ndilo neno ambalo Bi. Tamsin alilingoja miaka saba, na lilikuja siku aliyokuwa ameacha kulingoja. Moyo wake ulitoka kwenye viatu. Aamini? Asiamini? Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika mpini wa kasha.

Huko bandarini mzinga wa Persis ukalia, wa kuita mashua.

Na kutoka jikoni, kwenye dirisha lile la chini ambalo hakuna aliyekumbuka kulitundikia bendera, ilikuja sauti ya Hepzibah, ya kunong'ona lakini ya haraka. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje, na bata bukini alikuwa kwapani.

"Bibi! Huku kuko wazi! Maji yanakupwa, unakuja au huji?"